Ganzi ya Kuondoa Ganzi

Hebu kwanza, kabla hatujaenda mbali: mkono wako unapokufa ganzi, ni vidole vipi? Usinijibu "vyote." Kila mtu husema vyote. Miaka niliyokaa kliniki ya mikono nimeuliza swali hilo mpaka nikaliota, na kila mtu hunikunjulia kiganja kizima na kusema, vyote, nesi, vyote. Mimi humwambia akae, afumbe macho, nami nampitishia kipande cha pamba kidole kimoja kimoja, taratibu, nikianzia gumba. Gumba, kimya. Cha shahada, kimya. Cha kati, kimya. Cha pete sasa, hicho ndicho kilichonifanya niipende kazi hii: upande mmoja wasikia na upande wa pili hausikii, kidole kimoja kina nyumba mbili. Halafu nikifika kile kidogo cha mwisho, mtu hushtuka na kufumbua macho: "Aa! Hapo nasikia!" Kumbe si vyote.

Mimi naitwa Mejumaa. Nilikuwa muuguzi katika hospitali moja ya huku kwetu pwani ya kusini, kwanza thieta, chumba cha upasuaji, kisha kliniki ya mikono, mpaka nilipostaafu. Siku hizi nakaa Kinondo na mabamia yangu na kuku wasiosikia la mtu. Nyinyi vijana mnaosomea uuguzi huja kuniamkia, shikamoo mama, marahaba wanangu, na kabla chai haijapoa mmeshaanza kuniuliza habari za mikono. Basi leo nitawaambia, lakini msinikatize. Nina ulimi mrefu na subira fupi, mwanijua.

Aliyenifundisha ile pamba ni Sista Kadzo, Mungu amrehemu, mama wa Kiduruma aliyekuwa mkubwa wetu. Nilimwuliza kwa nini kidole cha mwisho husalimika. Alivua bangili yake, akaniambia nilete ukili, ule wa kusukia mikeka. Akaupenyeza ndani ya bangili kipande baada ya kipande mpaka ikajaa, halafu katikati yake akapitisha uzi mmoja laini wa cherehani.

"Vuta uzi," akasema.

Nikavuta. Haukutoka.

"Huo uzi ndio mshipa wa fahamu, ule unaoleta habari kutoka vidoleni. Ukili ni kano zinazokunja vidole. Na bangili ni hapa kwenye kifundo cha mkono: chini mifupa, juu utepe mgumu, njia ni nyembamba. Kano zikivimba kidogo tu, nani anaumia?"

"Uzi."

"Basi. Na kidole kidogo mshipa wake wapita nje ya bangili. Ndiyo maana yeye hana habari."

Wallahi, nilizunguka wiki nzima nikibonyeza watu vifundo vya mikono. Jirani yangu mmoja alifikiri nataka kumwibia saa.

Ugonjwa wenyewe haumchagui mtu. Nimewaona wakuna nazi, mafundi cherehani, wasusi wa makuti, vijana wa mahoteli wanaokamua vitambaa vya sakafu kutwa nzima, watu wa kisukari, na wajawazito wengi. Mja mzito mara nyingi hupona akishajifungua, msimkimbilize kwenye kisu. Wengi hufungiwa gango wakati wa kulala, kile kibao cha kuuzuia mkono usipinde, nao hupata nafuu. Wengine hupigwa sindano ya kupunguza uvimbe. Na wengine waliletwa kwangu wakiwa wameshazungushwa kwa waganga, wametafutiwa na jirani wa kusingiziwa, maskini jirani wa watu, kisa ugonjwa huu hupenda kumwamsha mtu usingizini na mkono unawaka. Kinachofanya kazi usiku, sisi twakiita jini.

Lakini si kila ganzi ni hii. Kikifa ganzi kidole cha mwisho, tazameni kiwiko. Na mkono ukilegea ghafla, tena mdomo umekwenda upande na maneno hayatoki, hapo usiniletee pamba wala bangili, mkimbize mtu hospitali saa hiyo hiyo. Hilo ni jambo la ubongo.

Sasa ngojeni niwaeleze la Bi Mwanahamisi, maana nikikutana na mgonjwa anayeogopa upasuaji huu, yeye ndiye ninayemkumbuka.

Bi Mwanahamisi ni mkulima wa mwani, Kibuyuni. Kama hamjawaona akina mama wale wakifanya kazi, nendeni mkawaone. Maji yakitoka, hasa maji ya bamvua, yale yanayokupwa sana mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, huingia baharini na kamba zao ndefu, na kwenye kila kamba hufungwa vichipukizi vya mwani kimoja kimoja kwa vikamba vidogo. Ni fundo baada ya fundo, vidole vimelowa, mgongo umeinama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kuangusha vitu. Vikombe viliisha ndani ya nyumba. Binti yake Saumu, anayefanya kazi hoteli moja Diani, ndiye aliyemvuta mpaka kwetu.

Nilimpitishia pamba. Gumba, kimya, shahada, kimya, mnajua hadithi. Nikamwambia aguse ncha ya kidole kidogo kwa gumba lake. Halikufika. Lilijikongoja nusu ya njia likasimama. Nikaugeuza mkono, nikaona kitu ambacho sikukipenda hata kidogo: ile nyama nene iliyo chini ya gumba ilikuwa imenywea, pamebaki bonde. Wanangu, hapo mshipa umebanwa kwa muda mrefu. Nyama ikianza kunywea, si suala la gango tena. Ukingoja, gumba husahau kazi yake, na likishasahau kabisa hakuna daktari atakayelikumbusha. Na mfunga mwani bila gumba hafungi kitu.

Daktari wetu wa mikono alikuwa Daktari Mutua, kijana wa bara, mpole, mikono yake ya dhahabu. Kiswahili chake tu ndicho kilichokuwa na haraka. Akamwangalia, akaketi, akamwambia vizuri kabisa:

"Mama, hii kitu si ngumu. Tutakudunga ganzi kwa hiyo mkono, alafu tunakata kidogo hapa, tunafungua mshipa, na unaenda nyumbani siku hiyo hiyo."

Nilitaka kumwambia, "mkono huo, daktari," maana huwa simwachii, lakini nikaona uso wa Bi Mwanahamisi. Alikuwa ameuvuta mkono wake na kuuficha chini ya leso.

"Utanifanya nini?" akauliza.

"Nitakudunga ganzi. Kidogo tu."

"Ganzi."

"Eeh, ganzi."

Akamgeukia binti yake. "Saumu, umenitoa Kibuyuni nije niondolewe ganzi. Huyu ataka kunitia nyingine. Kwani hii niliyo nayo haijanitosha?"

"Mamangu, si hiyo, ni ile nyingine ya..."

"Iko nyingine? Halafu anikate na mshipa! Kuku akikatwa mshipa huwaje?" Akasimama, akajitengeneza buibui lake. "Daktari, ahsante kwa wema wako. Mimi sikuja kuchinjwa."

Akatoka, tena kwa adabu, akampa kila mtu kwaheri pale benchini. Saumu akabaki mlangoni amejishika kichwa. "Pole, daktari. Mathe akikataa amekataa."

Daktari Mutua akanitazama. "Sista, kwani nimesema nini mbaya?"

Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikakumbuka lile bonde chini ya gumba, kicheko kikanikatika.

Hebu mfikirie nyinyi wenyewe. Sisi ugonjwa twauita ganzi, na dawa ya kumfanya mtu asisikie kisu nayo twaiita ganzi. Nilikuwa nimelisema neno hilo maelfu ya mara, asubuhi kwa maana hii, mchana kwa maana ile, na halikuwahi kunigonga sikio. Na mshipa je? Mshipa wa damu ni mshipa, wa fahamu ni mshipa, kano nayo watu huiita mshipa, na wanaume wa pwani wana mshipa wao mwingine, ule uvimbe wa chini, ambao hautajwi mezani. Mzee mmoja wa Lungalunga aliambiwa ana mshipa mkononi, akashika mbavu kwa kucheka: "Nesi, mshipa naujua, lakini hukaa mkononi?" Basi mkimwambia mtu, utatiwa ganzi ukatwe mshipa, msishangae akitafuta viatu vyake.

Zikapita wiki, Bi Mwanahamisi haonekani. Nikampigia Saumu. Akaniambia, "Mama, sasa anafunga mwani kwa meno." Maneno hayo yaliniuma. Siku yangu ya mapumziko nikaenda Kibuyuni.

Nilimkuta kwenye vichanja vya kuanikia, ameketi na wenzake wawili, kamba magotini. Kweli, ncha moja ya kikamba alikuwa ameibana kwa meno na nyingine aivuta kwa mkono wa kushoto. Wale wenzake walipoona sina sare lakini mwendo ni wa hospitali, walinyanyuka mmoja mmoja wakasingizia kazi.

"Umenifuata na ganzi yako?" akaniuliza, kikamba bado kimo mdomoni.

"Nimefuata yako. Nataka kuijua. Ikoje hasa?"

Akanitazama aone kama namkejeli. Sikuwa namkejeli, nilitaka kujua kweli. Watu wengi sana wamenionyesha ganzi, wachache wamenieleza.

"Huanza kama siafu," akasema. "Siafu ndani ya ngozi. Halafu wanyamaza, na hapo ndipo pabaya. Mkono wawa si wangu. Najishika hivi, naona nimeshika mkono wa jirani."

"Umewahi kung'olewa jino?"

"Zamani. Kwa nini?"

"Ulipigwa sindano kwanza, mdomo ukawa mzito?"

"Mzito! Nilikunywa chai ikanimwagikia kifuani, nami sina habari."

"Na mdomo huo uko wapi leo?"

Akajigusa mdomo kwa mkono wa kushoto, kama vile hakuwa na hakika. "Huu hapa."

"Basi ile ndiyo ganzi ya daktari. Ile ni mgeni wa asubuhi, alasiri ameshaaga. Hii yako imekuja na godoro lake."

Akatoa kikamba mdomoni. Nikaona anataka kucheka ila anajizuia. "Na mshipa?"

Nikashika kamba yake nikamwonyesha fundo moja. "Ukifunga kikamba kikakaza mno, mwani huwaje?"

"Hunyauka palepale, ukakatika."

"Na ukikiona kimekaza, wafanyaje?"

"Nakikata kikamba."

"Waukata na mwani?"

"Aka! Niukate mwani wangu, nina wazimu?"

Akaliangalia fundo, akakiangalia kiganja chake. Sikuongeza neno, na mwanijua kunyamaza kwangu ni kazi ngumu. Nilimwonyesha tu mahali penyewe, pale chini ya kiganja, chale fupi. Nikamwambia kinachokatwa ni ule utepe mgumu ulio juu ya mshipa, mshipa wenyewe hakuna anayetaka kuugusa. Nikamwambia pia kwamba hakuna kisu kisicho na hatari: kidonda chaweza kuingia vijidudu, na mara chache sana mshipa au vitawi vyake huweza kudhurika. Msimfiche mtu hayo. Ukimficha, siku atakapoyasikia kwa mwingine hatakuamini tena hata ukimwambia jua limechomoza.

"Mejumaa," akaniita, mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Gumba litarudi?"

Hilo ndilo swali alilokuwa nalo tangu mwanzo. "Sijui," nikamwambia. "Usingizi utaupata, hilo karibu wote hulipata mapema. Kusikia kwa vidole hurudi polepole, kwa miezi, pengine kote, pengine nusu. Ile nyama iliyonywea siwezi kukuahidi. Lakini tukikaa hivi, hata kilichobaki kitakwenda."

Akaanza kulia, kimyakimya. "Naogopa. Mkono huu ndio uliosomesha watoto. Nikiamka siku moja haupo, mimi ni nani hapa Kibuyuni?"

Nami nikalia, kwa nini niwadanganye? Tukalia wote wawili juu ya mwani wa watu.

Alikuja. Na alikuja amepambika! Kwao kulikuwa na harusi, naye kama shangazi wa bwana harusi hakuweza kubaki mikono mitupu, basi mikono yote miwili imejaa piko nyeusi, ile rangi inayochorwa pamoja na hina, maua na majani mpaka kucha. Daktari Mutua akachukua kile kibanio cha kuvishwa kidoleni kisome hewa iliyo kwenye damu. Kikagoma. Akajaribu kidole kingine. Kikagoma. "Mashine imeharibika," akasema.

"Haijaharibika, daktari. Ni piko, mwanga wake haupenyi."

"Weka kwa kidole cha mguu basi."

Nikafunua shuka. Miguu nayo imepakwa, tena kwa ustadi kuliko mikono. Mwisho tukakibana kwenye ndewe ya sikio, na Bi Mwanahamisi akasema hajawahi kuvishwa herini mbaya namna ile. Basi, mnaokwenda kupasuliwa mkono: hina na piko zisubiri, na pete na bangili ziachwe nyumbani, maana mkono utavimba na pete itakatwa kwa msumeno. Semeni dawa zote mnazokunywa, hasa za kisukari na zile za kuzuia damu isigande, wala msiziache kwa kujiamulia. Na mje na mtu wa kuwarudisha.

Alikuwa macho muda wote. Hilo huwashangaza wengi, hudhani kupasuliwa ni kulazwa usingizi. Sindano ya ganzi ilimchoma, akasoma bismillahi kwa sauti, ikaisha. Juu mkononi alifungwa mkanda wa kuzuia damu kwa muda, na nawaambia wagonjwa wengi hulalamikia mkanda huo kuliko kisu. Tukamwekea pazia la kitambaa asione. Kuona hakuona, lakini kimya hakukaa.

"Mwaona nini?"

"Naona ule utepe, mama," Daktari Mutua akajibu. Safari hii alikuwa anaongea taratibu, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto juu ya ubao. "Umekaza sana."

"Ukate basi, wangoja nini?"

"Nimekata."

"Na mshipa?"

Akaniita nisogee. Nikauona. Ulikuwa umebonyea katikati, mwembamba pale ulipobanwa na mnene huku na huku, kama tambi iliyobanwa na mlango. Nimeona mingi, kila mmoja nautazama kwa mshangao, kwamba kitu chembamba namna ile ndicho kinachojua moto na baridi. "Upo mzima," nikamwambia. "Umebonyea, lakini upo mzima."

"Upe salamu zangu," akasema.

Hata kabla ya adhuhuri alikuwa ameshashonwa, amefungwa bandeji, anakunywa chai ya Saumu. Upasuaji wenyewe ni mfupi kuliko foleni ya dawa.

Sasa sikilizeni yanayofuata, maana watu wengi hudhani kisu kikishawekwa chini kazi imekwisha. Mkono uinuliwe siku za mwanzo, juu ya moyo, usining'inie kama ndoo. Na vidole vichezeshwe tangu siku hiyo hiyo: kunja, kunjua, kunja, kunjua. Fundi seremala mmoja wa Ukunda aliambiwa aupumzishe mkono, naye akalitii agizo kuliko alivyomtii mamaye. Akaufunga kwa leso shingoni, hakusogeza hata ukucha mpaka siku ya kutolewa nyuzi. Vidole vilikuwa vimekakamaa kama vijiti, na kuvilainisha kulichukua muda mrefu kuliko kidonda kupona. Kupumzisha ni kutobeba ndoo na kutokuna nazi. Vidole havipumziki.

Bi Mwanahamisi alivichezesha. Kosa lake lilikuwa jingine. Saumu alinipigia, ana wasiwasi: bandeji imelowa chapachapa. Kumbe mama anatawadha mara tano kwa siku, anaosha mkono mzima na bandeji yake, maana sala haachi. Na sisi tulimwambia tu "usilowe," kana kwamba maji ni ya kuogea peke yake! Nikamwambia aje abadilishiwe bandeji, na Saumu akamfuata maalimu wao. Maalimu akamweleza vizuri njia ya mwenye jeraha, namna ya kutayamamu, kujipangusa kwa vumbi safi badala ya maji, kwamba dini haikumtaka aharibu kidonda chake. Tangu siku ile mgonjwa yeyote anayesali nilimwambia hilo kabla hajatoka mlangoni. Nanyi mwambieni.

Nyuzi hutolewa baada ya wiki mbili hivi. Kidonda kikishajifunga vizuri, kovu lisuguliwe taratibu kwa mafuta ya nazi, lilainike. Na msishtuke kiganja kikiuma mkikibonyeza, au kushika kukiwa dhaifu kwa wiki nyingi, hata miezi. Ni kawaida, hupungua. Lakini pakitoka usaha, wekundu ukapanda, homa ikaja, au vidole vikabadilika rangi, msimngojee mtu wala kumpigia Mejumaa, nendeni hospitali. Na baharini asiingie mtu mpaka pamejifunga kabisa. Huyo wa Kibuyuni ilibidi Saumu amfichie kamba zake.

Usingizi aliupata mara moja. "Nalala mpaka jua lanicheka," aliniambia. Vidole, hakuna. Nilimpigia baada ya bamvua la kwanza: "Bado." La pili: "Bado, Mejumaa." Gumba lilikuwa limejifunza njia yake, akafunga mafundo kwa kukibana kikamba ubavuni mwake badala ya nchani, polepole, mengine yanafunguka. Ile nyama haikurudi, na mpaka leo bonde lipo. Alipokuja kliniki nilimpitishia pamba, akafumba macho kwa nguvu mpaka kope zikatetemeka, anatafuta kusikia, na mimi naomba Mungu ndani kwa ndani. Kimya. Daktari Mutua akamwambia mshipa hukua kama mnazi, hauharakishwi. Bi Mwanahamisi akamjibu kwamba yeye si mtoto wa kuona mnazi ukizaa. Alipotoka nilikaa peke yangu kwenye kile chumba. Nilikuwa nimemfuata mpaka kwao, nimemtoa kwenye vichanja vyake kwa maneno yangu matamu, na niliogopa kwamba nimemtoa bure.

Kisha asubuhi moja, naanika nguo uani, simu ikalia. Ni yeye, naye alikuwa analia. Si kulia kwa kawaida, ni kwikwi, mpaka nikaketi chini palepale na shuka ya watu mkononi.

"Kuna nini? Ni kidonda?"

"Tasi!" akasema.

"Tasi kafanya nini?"

"Nilikuwa nampara. Kanichoma, Mejumaa! Mwiba wa mgongoni!"

Mwamjua tasi, yule samaki, nyama yake tamu na miiba yake ina sumu, akikuchoma waweza kumtaja nyanya aliyekufa zamani. Nikajishika kifua. "Kakuchoma mkono gani?"

"Wa kulia."

"Kidole gani?"

"Cha shahada. Nchani! Nchani kabisa!"

"Na... yauma?"

"Yauma wee! Yapanda mpaka begani! Nafa mimi!" Na hapo hapo katikati ya kilio akaanza kucheka, kicheko na kwikwi vikagongana, nikasikia majirani zake wakiuliza kuna nini, kuna nini.

Nami nilikuwa nacheka na machozi yanitoka. Nikajikumbusha kwamba mimi ni muuguzi. "Sikiliza. Tia kidole kwenye maji ya moto, ya kuvumilika, uyapime kwanza kwa mkono wa pili. Sumu yake hulegea kwa moto. Saa hii, Mwanahamisi. Maji unayo jikoni?"

"Yapo."

"Tia basi!"

"Nitatia," akasema. "Ngoja kwanza, niyasikie haya maumivu."